Mtoto Anapohara: Kazi ya Maziwa Lala na Kazi ya Maji ya Chumvi



Kuanzia Timau na Kibirichia kwenye baridi ya mlima, mpaka Siakago na Kiritiri kwenye joto la Mbeere, ni maboma machache yasiyo na ng'ombe au mbuzi wa maziwa. Na boma lisilo na maziwa halikosi unga wa mtama, wa mawele au wa mahindi. Kwa hiyo karibu kila nyumba yaweza kutengeneza maziwa lala au uji mchachu. Vyakula hivi si vigeni. Wazee walivijua kabla hospitali hazijajengwa.

Siku hizi vitu hivi vinazungumzwa upya. Katika maduka ya dawa huuzwa vidonge na unga viitwavyo probiotiki, na watu husema vyaponya tumbo la kuhara. Jirani mmoja humwambia mama, "Mpe mtoto maziwa lala, atapona." Mwingine humwambia, "Usimpe kitu chochote mpaka tumbo likauke." Neno la kwanza lina nusu ya ukweli. Neno la pili laweza kuua. Yafaa basi kila mzazi ajue kazi ya maziwa lala ni ipi, na mwisho wa kazi hiyo ni wapi.

KINACHOUA NI KUKAUKA MWILI

Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba ugonjwa wa kuhara huua watoto karibu 440,000 walio chini ya miaka mitano kila mwaka ulimwenguni. Wengi hawauawi na vijidudu vyenyewe, bali na kupungukiwa maji. Mtoto anayehara hutoa maji na chumvi za mwili wake. Mwili wake ni mdogo, na akiba yake ya maji ni ndogo. Akihara asubuhi yote bila kunywa, huenda jioni macho yakawa yameingia ndani na nguvu zikawa zimekwisha.

Fikiria mche wa kahawa uliouhamisha jana kutoka kitaluni. Jua likiuchoma na ukainyima mizizi yake maji, mche utakauka hata kama mbolea ni nzuri. Mtoto anayehara ni vivyo hivyo. Kwanza ni maji, mengine yafuata.

Ushahidi mkubwa ulionekana mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Wakimbizi walijaa mji wa Bangaon, mpakani mwa India, na kipindupindu kikawaingia. Maji ya kutia kwenye mishipa yalipopungua, Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari. Hapo awali karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa maji yale waliokufa walikuwa chini ya 4 katika kila 100. Dawa ile ilichanganywa katika mapipa na kunyweshwa na ndugu za wagonjwa. Ndiyo hiyo leo hutolewa katika zahanati zetu ndani ya pakiti zinazoitwa ORS.

VIJIDUDU VYEMA NA VIJIDUDU VIBAYA

Si vijidudu vyote vilivyo adui. Katika utumbo wa kila mtu mwenye afya mna bakteria wengi mno, na wengi wao husaidia. Katika maziwa lala na uji mchachu mna bakteria wanaokula sukari ya maziwa au ya nafaka na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo uchachu unaouonja ulimini.

Uchachu huo hufanya kazi tatu. Kwanza, vijidudu vingi viletavyo kuhara haviwezi kuzaana vizuri ndani ya chakula kichachu. Uji mtamu ukikaa toka asubuhi hadi jioni, vijidudu vyaweza kuongezeka humo; uji mchachu huvizuia. Pili, sukari ya maziwa hupungua, kwa hiyo tumbo lililodhoofika huweza kuyavumilia maziwa lala kuliko maziwa matamu. Tatu, bakteria wema walio hai huingia utumboni, na baadhi yao hugombania nafasi na chakula na wale wabaya. Ni kama shamba lililofunikwa vizuri na maharagwe: magugu hayapati mahali pa kuota.

Bakteria hai wanaoliwa kwa kiasi cha kutosha na kumletea mtu faida ya afya ndio waitwao probiotiki. Neno ni geni, lakini wazo lake ni la zamani. Mwaka wa 1907 Elie Metchnikoff, mtaalamu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliandika akiyasifu maziwa machachu waliyokunywa wakulima wa Bulgaria. Hapa Kenya wataalamu walichunguza kule naoto, maziwa ya kibuyu ya Wamasai, na mwaka wa 2004 wakatangaza kwamba bakteria waliozidi wengine humo ni jamii iitwayo Lactobacillus plantarum.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Yafaa tuseme kweli yote, ile inayotufurahisha na ile isiyotufurahisha.

Katika kukinga, habari ni njema. Mwaka wa 1994 wataalamu Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji vya Tanzania: watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa walihara mara chache kuliko wale waliolishwa uji usiochachushwa. Mwaka wa 2017 ilitangazwa habari nyingine kutoka jimbo la Odisha, India. Watoto wachanga zaidi ya 4,500 walishiriki katika jaribio la Lactobacillus plantarum iliyopimwa kwa uangalifu pamoja na chakula cha bakteria hao. Waliopewa walipatwa na maambukizo makali ya damu au vifo pungufu kwa asilimia 40 kuliko wasiopewa. Lakini sikiliza vizuri: ile ilikuwa dawa iliyopimwa na kutolewa na wataalamu, nayo haikutoka katika kibuyu. Mtoto mchanga usimpe maziwa lala.

Pia, mtoto akipewa dawa za antibiotiki kwa ugonjwa mwingine, huenda akahara kwa sababu dawa hizo huua na bakteria wema. Majaribio yaliyokusanywa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba kati ya watoto 100 wenye kutumia antibiotiki peke yake, 19 walihara; waliopewa na probiotiki, waliohara walikuwa 8.

Katika kutibu kuhara kulikokwisha kuanza, habari si njema hivyo. Mwaka wa 2018 yalitangazwa majaribio mawili makubwa, moja la Marekani na moja la Kanada, yenye watoto zaidi ya 1,800 kwa jumla. Waliopewa probiotiki hawakupona upesi kuliko wasiopewa. Mwaka wa 2020 wataalamu walikusanya majaribio 82 yenye watu zaidi ya 12,000. Walipoyatazama yale makubwa na ya kuaminika zaidi, waliona kwamba huenda probiotiki hazileti tofauti yoyote, au huleta ndogo sana.

Basi tumepata jibu. Maziwa lala na uji mchachu ni chakula chema na ngao ya tumbo. Si dawa ya kumwokoa mtoto ambaye tayari anahara. Na mzazi mwenye fedha kidogo asizimalize kwa kununua vidonge vya probiotiki huku mtoto hana maji ya ORS.

NAMNA YA KUTENGENEZA MAZIWA LALA YALIYO SALAMA

Si lazima ununue kitu cha ghali. Huko Mwanza, Tanzania, tangu mwaka wa 2004 akina mama wamekuwa wakitengeneza mtindi wa probiotiki uitwao Fiti. Nchini Uganda vikundi vingi hutumia mbegu ya unga iitwayo Yoba, ambayo gramu 1 tu hutosha maziwa lita 100. Nyumbani kwako waweza kufanya hivi:

1. Osha mikono kwa sabuni. Osha sufuria, kijiko na chombo cha kugandishia, kisha vimwagie maji yanayochemka.

2. Chuja maziwa, uyachemshe mpaka yapande. Yaache yachemke kidogo huku ukikoroga. Hatua hii usiiruke hata kidogo.

3. Funika, uyaache yapoe mpaka yawe na uvuguvugu mdogo sana. Ukitia mbegu katika maziwa ya moto utaiua.

4. Kwa kila lita moja tia vijiko viwili au vitatu vya mezani vya maziwa lala mazuri. Hiyo ndiyo mbegu. Waweza kutumia ya jana yaliyotengenezwa kwa usafi, au pakiti ya maziwa lala ya dukani yasiyotiwa sukari.

5. Koroga, funika, uweke mahali pasipo vumbi wala inzi. Yaache usiku kucha mpaka siku ya pili, yaani saa 16 hadi 24. Huko Timau, ambako usiku ni baridi, zungushia chombo blanketi. Huko Kiritiri yataganda mapema zaidi.

6. Maziwa mazuri huganda sawasawa na hunukia uchachu safi. Yakiwa na povu, rangi ya ajabu, kuvu juu yake au harufu mbaya, yamwage. Usimpe mtu, wala usiyafanye mbegu.

7. Yaweke mahali pa baridi, uyatumie katika siku mbili au tatu. Teka kwa kijiko safi. Usinywe katika chombo chenyewe.

UJI MCHACHU

Changanya unga wa mtama, wimbi, mawele au mahindi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia vijiko vichache vya mchanganyiko mchachu wa zamani ikiwa unao. Funika, uache siku moja au mbili mpaka unukie uchachu. Kisha pika uchemke vizuri.

Labda utauliza: "Nikiupika, je, bakteria wema hawafi?" Naam, hufa. Lakini asidi waliyoitengeneza hubaki, nayo huendelea kuulinda uji usiharibiwe upesi na vijidudu. Kwa hiyo uji uliopikwa si probiotiki, lakini ni chakula salama zaidi kwa mtoto kuliko uji mtamu uliokaa muda mrefu. Ukitaka bakteria walio hai, tia maziwa lala katika uji uliokwisha kupoa kidogo. Kwa njia hiyo mtoto hupata pia nguvu ya maziwa.

MAMBO MANNE AMBAYO UCHACHU HAUWEZI KUYAPONYA

Kuna wakulima wanaofikiri kwamba maziwa yakiisha kuganda hayana tena ubaya. Jihadhari.

La kwanza ni ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela. Ng'ombe au mbuzi akiwa nao, vijidudu hutoka katika maziwa, navyo huweza kuendelea kuishi katika maziwa machachu. Mtu akiyanywa hupata homa inayokuja na kwenda, maumivu ya viungo na uchovu wa miezi mingi. Kifua kikuu cha ng'ombe pia huja kwa maziwa mabichi. Kuchemsha kabla ya kugandisha ndiko kunakoua vijidudu hivi. Neno hili lawahusu pia wenye mbuzi wa Toggenburg, walioenea Meru tangu miaka ya 1990. Mbuzi au ng'ombe akitupa mimba, mwite daktari wa mifugo.

La pili ni dawa za ng'ombe. Ukimtibu ng'ombe ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki, dawa huingia katika maziwa. Usiyanywe, wala usiyauze kwa chama cha ushirika, mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Kuchemsha hakuiondoi dawa hiyo. Nawe waweza kuona kwa macho yako: maziwa yenye dawa mara nyingi hukataa kuganda, maana dawa imewaua bakteria wema.

La tatu ni kuvu katika nafaka. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika Ukambani na sehemu za jirani kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutoka katika kuvu. Kuchachusha au kupika si njia ya kuyaokoa mahindi yaliyooza. Wakulima wa Mbeere, ambako joto ni jingi, wakaushe mahindi yao sawasawa juu ya turubali, si juu ya udongo, na wayaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yenye kuvu yasitiwe katika uji wa mtoto.

La nne ni uchafu unaoingia baadaye. Maziwa lala mazuri yakimiminwa katika kikombe kilichooshwa kwa maji ya mto, yamechafuka. Choo cha shimo chenye kifuniko, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mikono iliyooshwa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula, hivyo ndivyo vizuizi vya kwanza. Mkebe wenye tundu ndogo uliotundikwa karibu na choo watosha kunawia.

MTOTO AKIHARA, FANYA HIVI

Mtoto akienda choo chepesi kama maji mara tatu au zaidi kwa siku moja, anza mara moja. Usingoje kesho.

1. Mpe maji ya ORS. Soma pakiti kwanza, maana nyingine ni za maji nusu lita na nyingine za lita moja. Tumia maji safi, na usipunguze wala usizidishe. Mtoto aliye chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, yaani robo kikombe hadi nusu kikombe. Aliye na miaka miwili hadi kumi mpe mililita 100 hadi 200. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole.

2. Ikiwa pakiti haipatikani upesi, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya lundo. Onja: maji yasiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi nyingi ni hatari. Maji haya ni ya kumsaidia mtoto wakati unatafuta ORS.

3. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi.

4. Mpe vidonge vya zinki kutoka zahanati kwa siku 10 hadi 14. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa miligramu 20 kwa siku; aliye chini ya miezi sita hupewa miligramu 10. Usiache kwa kuwa kuhara kumekoma. Zinki hupunguza kuhara kwa sasa na hupunguza hatari ya kurudi katika miezi ifuatayo.

5. Mlishe. Hapa ndipo maziwa lala na uji mchachu hupata kazi yao. Mtoto aliyepita miezi sita mpe kidogo kidogo, mara nyingi, pamoja na ndizi au viazi vilivyopondwa. Hata kwa mtoto anayehara zaidi ya siku 14, wakati wa kumtibu waganga hushauri maziwa matamu yabadilishwe kwa maziwa machachu. Mtoto aliye chini ya miezi sita chakula chake ni maziwa ya mama peke yake.

6. Usimpe antibiotiki kwa kubahatisha, wala dawa za kufunga tumbo. Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi ambavyo antibiotiki haviviui.

USINGOJE, NENDA HOSPITALI

Mpeleke mtoto upesi ukiona dalili moja ya hizi: damu katika choo, macho yameingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo yachelewa kurudi, hawezi kunywa au atapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, ana homa kali, au amehara siku 14. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu mpeleke mara tu aanzapo kuhara, kwa sababu maji yake ya kunywa hupimwa kwa namna nyingine. Mtoto mchanga vilevile asingojwe. Njiani endelea kumnywesha kama aweza kumeza.

Neno la mwisho ni la chanjo. Tangu mwaka wa 2014 Kenya huchanja watoto dhidi ya rotavirusi, ambavyo ni kisababishi kikubwa cha kuhara kukali kwa watoto wadogo. Chanjo huanza mtoto akiwa na majuma 6. Ni matone ya mdomoni, si sindano. Tazama kadi ya mtoto wako leo, na kama hajaanza, muulize mhudumu wa afya bila kukawia.

Basi, ndugu mkulima, gandisha maziwa yako kwa usafi na uwape watoto kila siku wawapo wazima. Na katika kabati la nyumba yako weka pakiti mbili za ORS, kijiko cha chai na chupa ya lita moja. Waonyeshe mama, baba, nyanya na mtoto mkubwa mahali vilipo. Kuhara huanza usiku, wakati duka limefungwa na barabara ya kwenda zahanati ina matope.